Mashine Iliyomshinda Baba Mkwe

Nilijifunza sataranji kwa baba mkwe wangu, na jambo hilo peke yake liliwapa majirani zetu wa Isingiro maneno ya kusema kwa miaka kadhaa. Kwa mila zetu, mke wa mwana humheshimu baba mkwe kwa kukaa mbali naye. Unamwamkia ukiwa umepiga magoti, humkazii macho, hukai naye mkeka mmoja, na ukimkuta njiani unampisha. Sasa fikiria mtu anapita kando ya kibanja chetu alasiri, anachungulia kati ya migomba, anamwona mzee yule na mke wa mwanawe wameinamia meza moja, na mwanamke anamwambia mzee, "Mfalme wako, baba. Angalia mfalme wako."

Ilianza mwaka wa vita vya Kagera. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, nimeolewa miezi michache tu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la ushirika. Lori likachukuliwa kupeleka chakula cha wanajeshi, naye akaenda nalo. Mimi nikabaki kwa wakwe. Baba mkwe alikuwa ameshastaafu. Ujanani alikuwa karani kwenye migodi ya bati ya Kyerwa, na huko mpimaji mmoja Mzungu alimfundisha sataranji kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye. Mzungu yule alipoondoka na kete zake, baba akachonga za kwake kwa mti wa mbuni, mgumu na mzito, nusu yake akazipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta. Mwenzake wa kucheza alikuwa katekista wa Nyabiyonza, aliyekuja kwa baiskeli kila Jumamosi. Vita vilipoanza katekista hakuja tena. Barabara ilikuwa imejaa magari ya jeshi.

Siku moja tulikuwa uani tunasubiri taarifa ya habari. Baba alikuwa amepanga kete na anacheza pande zote mbili, mkono wa kulia ukipigana na wa kushoto. Akamwambia mama mkwe, nami nikiwa nasikia, "Huyu mwalimu tuliyeletewa, hesabu anazijua kweli?"

"Mwulize mwenyewe," mama akasema. "Ana mdomo."

Hakuniuliza. Alimwambia mama aniambie farasi anakwendaje. Mama akasema yeye hajui farasi wala punda, akaleta kigoda, akakiweka upande wa pili wa meza. "Kama mtacheza, mtacheza hapa hapa uani, kila apitaye awaone." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu. Na mchezo ule ulitufaa sana sisi wawili, maana hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Macho yote yako ubaoni.

Nilikuwa mwanafunzi mwepesi, sina sababu ya kuficha. Vita vilikwisha, mume wangu akarudi salama, tukajenga nyumba yetu ng'ambo ya kibanja, nikaendelea kufundisha hesabu, kwanza shule ya msingi, halafu sekondari karibu na Nkwenda. Sataranji ya Jumamosi haikukoma. Mara ya kwanza nilipomshinda baba nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Aliutazama ubao kwa muda mrefu, kisha akamwita mama, akamwambia achinje kuku. Wachezaji wa pande zetu hawakuwa wengi: katekista, bwana kilimo, walimu wawili watatu, na seremala mmoja wa Nkwenda ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Wote walikuja kwetu, na wote walirudi makwao wameshindwa na mzee. Aliyemshinda ni mimi peke yangu, tena si mara nyingi. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwa zaidi ya miaka kumi, na baba aliijua nafasi yake kama mtu anavyojua mipaka ya shamba lake.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alirudi likizo ya Krismasi kutoka masomoni Ulaya. Alikuwa kijana mchangamfu na alimpenda baba yake sana. Zawadi aliyomletea hakukubali iwekwe juu ya basi. Aliipakata kutoka Bukoba mpaka Nkwenda. Alipoifungua tuliona ubao wa plastiki, mweusi na wa kijivu, wenye kete ndogo na vitaa vyekundu pembeni. Ukitaka kucheza unaibonyeza kete kwenye mraba wake, unaibonyeza tena unapoipeleka, mashine inalia kidogo, inafikiri, kisha taa zinawaka kukuonyesha inataka kete yake ipelekwe wapi. Unaisogezea mwenyewe, maana haina mikono.

"Mgeni wenu anakula nini?" mama mkwe akauliza.

"Betri, mama," shemeji akasema. "Na baba atazoea. Lakini msitegemee kumshinda. Angalieni hapa." Akatuonyesha boksi. Juu yake kulikuwa na picha ya mashine na namba kubwa iliyozidi elfu mbili. "Hii ndiyo nguvu yake. Kule Ulaya kila mchezaji ana namba yake. Anayefika hapa ni bingwa. Watu wa kawaida hawafiki hata robo tatu yake."

Baba akavaa miwani, akakaa. Alicheza kama alivyocheza siku zote, akianza na askari wa mbele ya mfalme, kisha farasi, kisha askofu. Alishindwa kabla chai ya jioni haijaiva. Akacheka, akapanga tena. Akashindwa tena. Siku ya Krismasi baada ya ibada akacheza, akashindwa. Kila siku ya likizo ile alikaa mbele ya kitu kile, na kila siku shemeji alisimama nyuma yake akitikisa kichwa kwa furaha, maana alidhani anamfurahisha baba yake kwa kumletea mpinzani aliyestahili. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alikuwa haoni tu.

Mimi niliona. Niliona mabega ya mzee. Mwezi wa Januari shemeji akarudi masomoni, akaahidi kuja tena baada ya mitihani ya mwisho. Katekista akaja Jumamosi iliyofuata na baiskeli yake. Baba akamwambia ana maumivu ya mgongo. Jumamosi ya pili akasema macho. Ya tatu nilikwenda mwenyewe kumwita, nikamkuta anageuzageuza kahawa kwenye mikeka, na meza ya sataranji mama ameitandazia maharage.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo sichezi."

"Mgongo?"

Akaendelea kugeuza kahawa. "Miaka yote hii nilidhani najua kitu," akasema. "Kumbe nilikuwa jogoo wa kijiji. Kijiji kingine kina jogoo wake, na Ulaya wamemweka ndani ya boksi."

Alitabasamu aliposema hivyo, na tabasamu lile liliniumiza kuliko kama angelia. Nikamwomba aniazime mashine. Akasema niichukue moja kwa moja.

Sikuichukua ili nimlipizie kisasi. Niliichukua kwa sababu namba ile ya kwenye boksi ilinikera kama mwalimu wa hesabu. Uzito wa gunia la kahawa unauweka kwenye mizani, na mizani ya chama cha msingi cha ushirika na mizani ya Bukoba zikitofautiana mtu anaulizwa. Lakini nguvu ya mchezaji utaiweka kwenye mizani gani? Hakuna jiwe la kilo moja la sataranji. Mchezaji unampima kwa mchezaji mwingine, na huyo mwingine naye amepimwa kwa mwingine. Sasa mashine hii ilipimwa na nani? Ikicheza kwa haraka au polepole? Boksi halikusema.

Nikaiweka mezani kwangu, nikaanza. Alasiri nikitoka shule, wanangu wakifanya kazi zao za nyumbani upande mmoja wa meza, mimi nilikuwa upande mwingine na ile mashine ikilialia. Mume wangu alikuwa mvumilivu kwa kadiri ya mtu anayechelewa kupewa chakula. "Mama watoto," aliniambia siku moja, "unakipima kitu hicho kama wanavyopima mimba kliniki. Kimefikisha miezi mingapi?"

Jambo la kwanza nililigundua wiki ile ile. Nilicheza mchezo mmoja kwa njia ya baba, askari, farasi, askofu, nikashindwa. Nikaurudia vile vile, kete kwa kete, nione kama itabadilisha. Haikubadilisha hata moja. Kila nilichofanya ilinijibu kama ilivyonijibu jana yake, mpaka mfalme wangu akanaswa kwenye mraba ule ule. Nikarudia siku ya tatu. Ule ule. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikacheka peke yangu. Baba alikuwa na mwanzo wake mmoja alioupenda, na katikati ya mwanzo ule kulikuwa na hatua moja ya farasi aliyoiamini tangu enzi za mgodini. Sisi wengine hatukujua kuiadhibu. Mashine ilijua. Kwa hiyo kila siku ya likizo ile mzee alikuwa akitumbukia shimo lile lile, na kila siku akitafuta kosa lake mbele zaidi, mahali lisipokuwepo. Hakuwa ameshindwa michezo mingi. Alikuwa ameshindwa mmoja, ukarudiwa.

Na hapo nikajiwekea kanuni: mchezo unaojirudia ni mchezo mmoja, hata ukirudiwa mpaka Pasaka. Nikaanza kuipa mashine mianzo tofauti, mingine ya ajabu, na kila mwanzo tulicheza mara mbili, mara moja mimi na kete nyeupe, mara moja nyeusi, ili mwanzo mbaya usimwonee mmoja wetu.

Jambo la pili lilikuwa muda. Mashine ilikuwa na ngazi zake. Ukibonyeza kitufe unaiambia ifikiri sekunde chache au dakika nyingi. Shemeji alikuwa ameiweka ifikiri dakika tatu kwa kila hatua, kwa heshima ya baba. Nikakumbuka jinsi baba alivyocheza nayo. Ikishamaliza kufikiri tu, yeye alisogeza kete mara moja. Kwa kawaida hakuwa hivyo. Akicheza nami au na katekista, angeweza kukaa mpaka kivuli cha mgomba kihame. Nilishindwa kuelewa mpaka nilipomuuliza mama mkwe, ambaye alikuwa akiwaangalia wote wawili huku akimenya ndizi.

"Mgeni hakalishwi akisubiri," mama akasema. "Alikuwa anaona aibu, vile vitaa vinamkodolea."

Nikatafuta saa ya mezani. Kuanzia hapo dakika za mashine na dakika za mtu zilikuwa sawa.

La tatu lilichukua muda zaidi, na ndilo ninalojivunia. Katikati ya mchezo, kete zikiwa nyingi, mashine ilikuwa kali kama nyuki. Ukiacha kitu wazi inakichukua, huna hata nafasi ya kujuta. Lakini kete zikipungua, wamebaki wafalme na askari wachache na labda ngome, ilikuwa kama imetolewa kwenye nyumba yenye taa. Mfalme wake alikaa pembeni anangoja, ilhali huo ndio wakati wa mfalme kutoka na kufanya kazi. Na ikiona hasara inakuja, iliitupia njiani kete nyingine ili isogeze hasara mbele kidogo, kama mtoto aliyeunguza maharage na kuongeza maji, kisha maji tena, akidhani mama hatanusa. Nikaanza kubadilishana nayo kete makusudi, malkia kwa malkia, farasi kwa farasi, niipeleke huko gizani. Mwanzoni nilipata sare. Baadaye nikaanza kushinda.

Niliwaita na wengine. Katekista alicheza nayo, na seremala wa Nkwenda, na bwana kilimo, na wanafunzi wangu bora wa kidato cha pili na cha nne. Nilijua tayari nani kati yao anamzidi nani na kwa kiasi gani, kwa hiyo walikuwa mizani yangu. Mashine ikipewa sekunde chache ilicheza sare kwa sare na katekista. Ikipewa dakika tatu ilimshinda katekista na kunisumbua mimi.

Shemeji alirudi mwezi wa Agosti, amemaliza masomo. Nilimweleza yote tukiwa tunakula senene, panzi wetu wa kukaanga waliohifadhiwa tangu msimu uliopita. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Lakini shemeji, waliotengeneza wameandika zaidi ya elfu mbili."

"Waliipima na nani?"

"Na wachezaji."

"Wangapi? Waliwapa muda gani? Walirudia mchezo ule ule?"

"Sijui."

"Basi hiyo ni bei, si kipimo. Anayeuza mbuzi haandiki kwamba anachechemea."

Akacheka, lakini hakukubali. Alikuwa mtu wa mashine, akaamini mashine inapimwa vizuri zaidi na mashine. Kulikuwa na ofisi ya mradi wa maji pale Nkwenda iliyokuwa na kompyuta na jenereta, na mhasibu wake alisoma na shemeji. Ndani ya kompyuta ile mtu alikuwa ameweka programu ya sataranji kutoka kwenye disketi. Tukaomba Jumamosi. Mhasibu akakubali kwa sharti kwamba tusiguse faili zake.

Tulikaa pale Jumamosi tatu, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Shemeji alikaa kwenye kompyuta, mimi kwenye mashine ya baba. Kompyuta ikisogeza farasi kwenye kioo, shemeji ananitajia, mimi nabonyeza ubao. Taa zikiwaka, namtajia yeye. Tulikuwa kama wakalimani wa wakubwa wawili wasiosikilizana. Nilimshurutisha afuate kanuni zangu: muda sawa, mianzo tofauti, kila mwanzo mara mbili kwa kubadilishana rangi. Mhasibu aliacha hesabu zake, akavuta kiti.

Programu ya kompyuta iliishinda mashine. Haikuwa kwa kubahatisha. Mchezo baada ya mchezo, ilikuwa wazi. Shemeji akasimama, akapiga makofi mara moja. "Haya shemeji! Umeona? Sasa tunajua. Kompyuta inaizidi mashine. Mashine inamzidi baba. Wewe na mashine mnakaribiana. Kwa hiyo kompyuta itakumaliza."

"Hebu ondoka hapo nikae," nikasema.

Mchezo wa kwanza kweli iliniadhibu, maana sikuwa nimekizoea kioo. Lakini katikati ya mchezo ule niliona tabia yake. Ilikuwa na uchu. Ukiiachia askari wa bure hata pembeni kabisa mwa ubao, malkia wake aliacha shughuli zote akaenda kumla. Mashine ya baba haikuwa na ulafi huo. Mchezo wa pili nikaiachia askari. Malkia akaenda. Nikafungua mlango kwa mfalme wake, na aliporudi alikuta nyumba inawaka. Mchezo wa tatu hivyo hivyo, kwa mwanzo mwingine. Jumamosi iliyofuata nikaendelea, na nilipotoka pale nilikuwa nimeishinda programu ile mara nyingi kuliko nilivyowahi kuishinda mashine ndogo ambayo programu iliionea.

Shemeji alibeba mashine njia nzima ya kurudi. Tulipofika kwenye mteremko wa kushukia nyumbani akasema, "Haiwezekani. Mrefu kuliko mrefu ni mrefu zaidi."

"Urefu ndiyo," nikamwambia. "Urefu unapimwa ukiwa umesimama peke yako ukutani. Nguvu ya mchezo haikai ndani ya mtu mmoja. Iko kati ya wawili. Namba yako inaweza kusema vizuri ukikutana na watu wengi wa kila aina. Haiwezi kukuambia utafanyaje na huyu mmoja aliye mbele yako."

Akafikiri. "Basi ukiulizwa mashine ya baba ina nguvu gani, utajibu nini?"

"Ikipewa dakika tatu, na kete zikiwa nyingi, ni sawa na mimi siku nzuri. Ikipewa sekunde chache, ni katekista. Zikibaki kete chache ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, tena si yule wa mbele."

Hapo ndipo aliposema jambo lililonifanya nimpende zaidi. "Na baba anajua hayo?"

Tulikwenda kumwambia siku hiyo hiyo. Alikuwa uani na mama. Nilipiga magoti nikamwamkia, kisha nikasema nilichokuwa nimekipanga njiani. "Baba, hukushindwa michezo mingi na mashine ile. Umeshindwa mmoja."

"Mwanangu, nilikuwepo."

"Ulikuwepo mara nyingi kwenye mchezo mmoja." Nikamweleza jinsi inavyojirudia. Nikaleta ubao, nikaucheza mwanzo wake, nikamwonyesha hatua ile ya farasi. Aliinama mpaka miwani ikamteleza. Akairudisha kete, akaisogeza tena, akairudisha.

"Na huo mmoja," akauliza, "nilishindwa kweli?"

"Kweli kabisa, baba. Farasi yule hafai pale."

"Mpimaji ndiye aliyenifundisha hiyo."

"Basi mpimaji alikosea."

Mama mkwe akakohoa, maana mkwe hamwambii baba mkwe kwamba mwalimu wake alikosea. Lakini baba aliangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho hatukukisikia tangu Krismasi. Nikamwambia na la muda, kwamba yule si mgeni, hana haya, hachoki wala haoni umekawia, amkalishe asubiri mpaka atakapotosheka. Nikamwambia na la kete chache. Shemeji akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyeiweka dakika tatu, baba. Sikukuambia na wewe uchukue zako."

"Kesho baada ya ibada," baba akasema, "niwekeeni meza."

Alicheza alasiri nzima ya Jumapili ile. Sijawahi kumwona mtu akikaa kwa raha vile mbele ya taa zinazomkodolea. Mashine ilimaliza kufikiri, ikalia, naye akaagiza chai. Akainywa. Akaangalia ubao, akaangalia ndizi zake, akaangalia ubao. Hakuanza na askari wake wa zamani. Alibadilishana malkia mapema, na akaendelea kubadilishana kila alipopata nafasi, hata pale ambapo mimi nisingebadilisha. Mvua ilinyesha kidogo, tukahamisha meza barazani bila kugusa kete. Mwisho walibaki wafalme, askari, na ngome moja kila upande. Mfalme wa baba akatoka, akapita katikati ya ubao hatua moja moja kama mtu anayekagua mibuni yake. Mfalme wa mashine alikaa pembeni. Ikatupa askari mmoja, kisha wa pili, kuahirisha yanayokuja. Shemeji alinitazama, nami nikatingisha kichwa: ndiyo, hiyo ndiyo ile ya kuongeza maji.

Baba alipofikisha askari wake mwisho wa ubao na kumgeuza malkia, hakushangilia. Aliinamia plastiki ile akasema, "Asante kwa mchezo," kama alivyomwambia kila mtu. Kisha akamgeukia katekista, ambaye alikuwa amefika na baiskeli yake na kusahau kuishuka vizuri. "Jumamosi," akamwambia.

Siku iliyofuata alicheza tena na mashine, akashindwa. Na iliyofuata akapata sare. Haikumuuma tena. Alikuwa anajua anapambana na nini.

Mwezi wa Desemba tuliandaa mashindano uani kwake, ya siku mbili, kila mtu acheze na kila mtu. Shemeji, ambaye sasa alikuwa amepata kazi Mwanza, alikuja makusudi, akaomba mashine iingie kama mchezaji, iandikwe kwenye ubao wa chaki pamoja na wengine. Seremala alipinga, akasema haikubatizwa. Baba akaamua iingie, lakini kwa dakika sawa na za watu, na asiwepo wa kuibadilishia ngazi katikati ya mchezo. Wamama wa jirani walikuja na vigoda vyao. Mama mkwe alipika matoke ya sufuria tatu, na maharage, na akakataa kata kata kuipangia mashine sahani, ingawa wajukuu walimwomba.

Mashine ilimshinda katekista, seremala, bwana kilimo na walimu wengine wote. Baba aliishinda, kwa njia yake ile ya polepole. Lakini baba naye aliteleza akashindwa na seremala, ambaye mashine ilimfagia bila shida, na watu wakabishana mpaka chakula kikapoa nani basi ana nguvu kuliko nani. Shemeji hakubishana. Alikuwa anawaeleza, kwa maneno yangu, tena vizuri kuliko nilivyoyasema mimi.

Mimi nilitoka sare na mashine na kuwashinda waliobaki, akabaki baba. Mchezo wetu ulikuwa wa mwisho, jua likiwa limeanza kuegemea vilima vya upande wa Rwanda. Akinishinda, anachukua nafasi ya kwanza. Tulicheza taratibu, wote wawili, na watu wakasogea mpaka nikawa nasikia pumzi zao. Alijaribu kunipeleka kwenye kete chache, kama alivyozoea sasa. Nilimfuata huko huko. Tulipobaki na ngome moja moja na askari wachache akainua macho, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akanitazama.

"Tuseme sare, mwalimu?"

Sare ingenitosha. Nafasi ya kwanza ingekuwa yangu bila shaka, na heshima yake ingebaki nzima. Lakini nilikuwa na askari mmoja wa ziada, na mfalme wangu alikuwa karibu zaidi. Nilijua nilichonacho.

"Hapana, baba," nikasema. "Tucheze."

Wamama wakaguna. Baba akakaa vizuri kwenye kiti chake, akavuta shuka begani, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa anachokitaka.

"Haya," akasema. "Cheza."

Nilimshinda giza likiingia. Akamwita mama achinje kuku.